Mikono Iliyomwosha Mama

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo na ambaye kwake tutarejea sote.

Kwa mdogo wangu mpenzi, Fundi Pasi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nakujulia hali wewe, mumeo na wanangu wote. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mola. Goti langu la kulia linanisumbua ninapopanda ngazi, lakini kwa umri wangu goti linalouma ni dalili kwamba mwenyewe bado nipo. Nimekuita kwa jina alilokupa marehemu baba, siku ulipokuwa na miaka saba ukataka kumnyooshea shati, ukaliunguza shati pamoja na kidole gumba chako cha kushoto. Alama ile nyeupe naikumbuka vizuri, na mbele katika barua hii utaona kwa nini nimeitaja.

Kamati ya akina mama wa msikiti imenitaka niandike maoni yangu: je, darasa la kuosha maiti na kuwakafini kwa sanda liendelee kufundishwa kwa simu, au turudi kukutana ana kwa ana kama zamani? Wanataka jibu ifikapo Ijumaa. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwa kuwa ndiwe uliyenishawishi miaka miwili iliyopita. Nilikataa, nikasema elimu hii hupita mkononi. Ulinicheka, ukasema hata maiti watanishangaa kwa ukale wangu. Nikakubali.

Na haki isemwe, kheri yake nimeiona. Muuguzi mmoja asiyepata nafasi mchana kutwa alihudhuria masomo yote akiwa amejibanza katika stoo ya mashuka wakati wa mapumziko yake. Mama mmoja asiyeweza kutembea, aliyeomba kujifunza miaka mingi na hapakuwa na wa kumbeba hadi ghorofa ya pili tunakosomea, amehifadhi dua na utaratibu kuwapita wenye miguu. Hata kicheko hatukukosa. Siku tuliyofanya mazoezi ya kuosha mto badala ya maiti, mwanafunzi mmoja aliuliza kama mto utakauka kabla ya Magharibi, maana mumewe hana mwingine wa kulalia. Mwenzake akamshauri aukafini kabisa, mume apate kulala kwa adabu.

Hasara zake nazo ni nzito. Simu haina harufu wala uzito. Siwezi kumwonyesha mtu kwa simu jinsi maji yanavyopimwa joto kwa kiwiko, wala jinsi mkono wa maiti unavyokuponyoka usipoushika kwa heshima, wala siwezi kumshika bega anapoanza kutetemeka. Isitoshe, simu huonyesha kile tu ambacho mwenye simu ameamua kionekane. Siku ya mtihani wako, kwa kuwa nawe ulikuwa mwanafunzi wangu, uliitundika simu juu ya meza. Nikaona mto, sanda, na mikono miwili.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha raha. Mama alipofariki nyumbani kwako, alizikwa kabla sijafika, na hilo sina neno nalo, kwani maiti hacheleweshwi. Ulinipigia ukaniambia kwamba umemwosha mwenyewe, kwa mikono yako, ukianzia kuume kama nilivyokufundisha, na kwamba uso wake ulikuwa laini kama wa mtu aliyesinzia. Maneno yale ndiyo yaliyonituliza. Nilimsimulia kila aliyekuja kunipa pole. Niliisimulia hata kamati.

Mwezi uliopita, nilipokuja kuzuru kaburi na wewe uko kazini, nilipita kwa jirani yako, yule mama fundi cherehani, kumshukuru kwa kuwa nanyi wakati wa msiba. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Niliitazama mikono yake, nikaijua kabla hajafungua kinywa: kucha zilizokatwa fupi mno, na kidole cha shahada chenye ngozi ngumu iliyochomwachomwa na sindano. Aliniomba radhi, akidhani najua. Akasema siku ile walikuwa wawili tu, yeye na bibi mwosha maiti wa hospitali ya kwenu, kwa kuwa wewe ulifika mlangoni ukashindwa kuvuka, ukaketi kwenye korido umeziba masikio usisikie maji. Kisha akaongeza, akicheka kama mtu asiye na la kuficha, kwamba hata mtihani wa mto alikufanyia yeye, maana masomo yote alikuwa akiyasikiliza nyuma yako huku akipinda nguo za wateja. Ulimwambia, "Dada hatajali, ni mto tu."

Mdogo wangu, woga wako nisingeuhesabu kuwa kosa. Mimi mwenyewe, mara yangu ya kwanza, nilitapika ndani ya ndoo ya maji safi. Mwalimu wangu akanituma kuteka mengine. Kilichoniumiza ni kwamba ulinipa faraja ambayo hukuwa nayo. Miezi saba nimemshukuru Mungu katika kila sala kwa jambo ambalo halikutokea, na wewe ulikuwa ukinisikia.

Hata hivyo, nami nina mahali pa kuhojiwa, hivyo sitalificha la kwangu. Siku ya mtihani niliona. Kidole gumba cha kushoto kilichokunja ile sanda hakikuwa na alama. Nilijiambia kioo cha simu kimeingia ukungu, nami nilijua hakina ukungu. Nilikuwa nimekwisha kujigamba mbele ya kamati kwamba mwanafunzi wangu wa kwanza ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nilitaka ufaulu ili darasa langu lifaulu. Nikatia saini cheti.

Basi kamati nitaiandikia kwamba dua na utaratibu vifundishwe kwa simu. Fundi cherehani, bila hata kuandikishwa, alijifunza kwa simu hiyohiyo, na bibi wa hospitali amenithibitishia kwamba mama alioshwa kwa upole na kwa ukamilifu. Cheti chake nimekwisha kumpelekea. Lakini mtihani uwe katika chumba cha kuoshea, mwalimu akiwa pembeni. Wakiuliza sababu, nitawaeleza habari ya saini yangu. Habari ya mikono nakuachia uiseme mwenyewe. Cheti chako nakuomba ukirudishe.

Limebaki moja. Mimi sikujaliwa binti. Wasia wangu, niliouandika mwaka juzi, unasema kwamba nikifa nioshwe na wewe. Tangu nirudi kutoka kwako nimeutoa sandukuni mara tatu nikiwa na kalamu ya kukufuta, na mara tatu nimeurudisha ulivyo. Jumatatu na Alhamisi asubuhi ninakuwa katika chumba cha kuoshea maiti cha hospitali ya huku kwetu, mlango wa nyuma. Njoo. Siku ya kwanza utasimama mlangoni, hakuna atakayekusukuma. Siku ya pili utanishikia ndoo. Mwaka ukiisha hujaja, nitamwandika fundi cherehani, nami nitajua kwamba nitaoshwa vizuri, na kwamba wewe utakuwa koridoni.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, akikunjue kifua chako, aibariki nyumba yako na kila anayelala chini ya paa lake, na atujaalie mwisho mwema mikononi mwa wanaotupenda. Amina.

Wasalaam,

Dada yako mkubwa