Maelezo Kuhusu Mstari wa Viazi Uliobaki Kijani

KITUO CHA POLISI QALAPATA
Maelezo ya shahidi: kupotea kwa bwana shamba Nicanor Uscamayta

Jina: Basilia Cutipa Larico. Umri: miaka 58. Kazi: mkulima wa viazi. Makazi: kijiji cha Wila Pampa. Tarehe: 17 Februari 2019.

Nasema haya kwa hiari yangu, ingawa nimechelewa siku tatu.

Mnamo tarehe 20 Oktoba 2018 Nicanor, mtafiti kutoka Arequipa, aliniomba kipande cha shamba. Alipanda mistari mitatu ya viazi vya kituo chao cha utafiti. Kwa mstari wa nne aliomba mbegu yangu, viazi vichungu alivyoniachia bibi, ambavyo hatuvili mpaka tuvigandishe na kuvianika. Aliniambia ndani ya mmea kuna jeni, na jeni zina koo zake kama watu. "Baridi ikibisha hodi, mkubwa wa ukoo anaamka, anawaamsha wadogo zake. Nataka kujua ukoo wa viazi vyako una nini, mama." Nikamwambia watu wangu nyumbani ukiwaamsha wananuna tu. Alicheka sana. Nilimpenda kama mdogo wangu.

Mnamo tarehe 14 Februari, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuta jalidi, umande ulioganda, imetanda. Mashamba yote yaliungua kwa baridi, yakawa meusi. Mistari mitatu ya Nicanor nayo iliungua. Wa nne ulikuwa kijani.

Kwetu jalidi haiji bure, kuna mtu ameficha jambo. Saa mbili kiongozi wetu, Mzee Toribio Pilco, alituita palepale shambani, kila mtu aseme lake. Nicanor alifika na chupa yake kubwa ya chuma. Alichuma majani ya mstari ule, akafungua chupa ili ayahifadhi kwa ubaridi wake. Ukatoka moshi mweupe. Jani moja alilolichovya humo lilianguka likavunjika kama kigae.

Jirani yangu Fortunata akasema, "Kumbe baridi yetu anatembea nayo."

Hakuna aliyecheka. Mzee Toribio akauliza taratibu, "Bwana shamba, mbona wako tu ndio umepona?"

"Si wangu, mzee. Muulize mama Basilia mbegu ni ya nani."

Wote wakanigeukia. Ni watu ninaowajua tangu utotoni, na niliwaogopa. Nikasema, "Mimi sijui. Alipanda mwenyewe."

Nicanor aliniangalia. Alisema "Mama," basi.

Walimshika mikono, hawakumpiga. Mzee Toribio alisema wanampeleka mlimani akairudishe baridi alikoitoa. Walipanda watu kumi na wawili, pamoja naye. Saa nane mchana walishuka kumi na mmoja. Chupa aliibeba Fortunata.

Mbegu ile ni yangu. Nilijua, nikakana.

Haya ndiyo maelezo yangu, sina la kupunguza.

Alama ya dole gumba: B. Cutipa L.

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi kwa lugha yake, Kiaymara, akakubali. Nilipomruhusu kwenda nyumbani aliuliza kama watu wa Wila Pampa bado wako nje. Nilichungulia dirishani. Wako kumi na mmoja.

Koplo Wilber Achata