Nafasi ya Dada

Jumatano, 18 Septemba

Troupe yetu ya michezo imeanza tena! Prof Félicien, yule wa Kifaransa, ametukusanya baada ya masomo. Watu ishirini na mmoja, benchi hazikutosha. Mwaka huu anataka mchezo mmoja mkubwa, wenye nyimbo, wa kuonyesha wazazi mwezi wa sita. Ameuandika mwenyewe wakati wa likizo. Kaka na dada wanatenganishwa na vita, kila mmoja upande wake wa mto. Kaka anapiga lokole, ile ngoma ya gogo, na dada anamjibu kwa wimbo.

Nani atakuwa dada? Prof hajasema. Lakini miaka mitatu sasa solo zote ni zangu. Gertrude, rafiki yangu, amenong'ona: "Emilie, weye anza tu kujifunza." Nimeshaanza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Si mimi.

Iko msichana mpya, Claudine. Alikuja kwa shangazi yake hapa Tshopo mwaka jana, kijiji chao cha ng'ambo ya mto kilipochomwa. Baba yake alikufa huko. Prof alimwomba aimbe kidogo, kujaribu tu. Aliimba anatazama sakafu. Hata Bavon wa gitaa – Bavon asiyefunga mdomo hata kwenye maombi! – alinyamaza.

Mimi nimepewa kwaya. Na kuwa remplaçante: dada akiugua, naingia. Nilipiga makofi kama wote. Viganja viliniwasha mpaka nyumbani.

Jumatatu, 11 Novemba

Arsène ndiye kaka kwenye mchezo. Yeye na Claudine wanaelewana ajabu. Leo umeme umekatika katikati ya mazoezi, kinanda kikanyamaza, wao wakaendelea. Lokole, sauti, lokole. Prof alifuta miwani mara mbili.

Prof amekataza kutaja kabila humu ndani. "Batoto, majina ile mutaiacha ku mulango." Basi hata hapa siyaandiki. Lakini najua. Mama anauza samaki sokoni karibu na mama yake Arsène. Tonton wa Arsène, ndugu wa baba yake, alikuwa katika kundi lililochoma vijiji vya kina Claudine. Wengi wanajua, hakuna anayesema. Claudine hajui.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemwambia.

Tulikuwa wawili tu bombani. Alisema Arsène amekuwa kwake kama kaka kabisa, Jumapili anataka kumpeleka kwa shangazi wakale lituma ya ndizi. Nikasikia sauti yangu inatoka, laini: "Claudine, unajua Arsène iko mutoto ya jamaa gani?"

Nikasema yote. Nikamaliza na: "Nakuambia juu nakupenda." Ndoo yake ilijaa, ikafurika, maji yakamlowesha viatu. Hakuona.

Jumatatu, 20 Januari

Claudine haji tena. Prof alikwenda kwa shangazi yake, akarudi uso umekauka; Claudine hakumtajia jina la mtu. Akasimama mbele yetu: nani alimwambia? Kisha jicho moja, jicho la pili, wote tukawa tunamtazama Bavon. Wote – na mimi! Bavon ameapa kwa jina la mama yake. Prof hakumsikiliza. "Bavon, toka." Ametoka na gitaa yake bila hata kuifunika.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Nafasi ya dada ni yangu sasa.

Jumanne, 18 Februari

Naimba sawa. Hakuna noti inayokosekana. Prof anasema "bien" huku anatazama dirisha. Arsène anapiga panapotakiwa, hazidishi hata pigo moja.

Jumatano, 12 Machi

Wamempiga Arsène! Binamu wawili wa Claudine, Jumamosi, karibu na daraja la Tshopo. Walimwangusha kutoka kwenye toleka, ile baiskeli ya abiria, mwenyewe akakimbia. Mkono wa kulia umevunjika. Leo amekuja na plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Tonton yangu, ile alifanya, alifanya," alituambia. "Mi sijavuka ule muto hata siku moja."

Hakulia. Niliyelia ni mimi. Wakanipapasa bega – Emilie ana moyo mwororo!

Préfet, mkuu wa shule, amemwita Prof ofisini. Ugomvi mmoja tena, troupe inafungwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mara tatu nilifika kwenye kona ya kina Claudine nikarudi. Leo nimeingia. Claudine alikuwa uani, anatwanga ndizi za makemba.

Nikasema bila salamu: "Nilikuambia juu nilitaka nafasi yako. Haikuwa mapendo."

Akaendelea kutwanga. "Ulinidanganya?"

"Hapana. Ilikuwa kweli."

"Bon. Kweli ile uniachie miye mwenyewe." Akaweka mchi chini. "Kumupiga Arsène, si mi nilituma. Nilivyosikia, chakula ilinishinda siku mbili." Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Na Bavon je?"

Machozi yakaanza.

"Usilie hapa, Emilie. Enda ulie kwake."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesema. Mbele ya wote. Nilimwomba Prof amwite Bavon kwanza, na Bavon akaja, akasimama mlangoni kama mgeni.

Maneno yenyewe hayakufika dakika moja. Gertrude alisogeza kiti chake mbali na changu. Arsène alitazama plasta yake.

Bavon alisema: "Miezi tatu. Hata mama yangu aliniuliza kama kweli ni miye."

Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga.

Prof alisimama, akamwomba Bavon msamaha, mtu mzima mbele ya watoto. Kisha akanigeukia: "Weye utabaki. Utaendelea kujifunza mistari yote. Lakini tangu leo nafasi ya dada haina mutu."

Ijumaa, 30 Mei

Plasta imetoka. Vidole vya Arsène havifungi vizuri, anapiga kwa mkono wa kushoto, polepole. Bavon amerudi. Amesema wazi amerudi kwa ajili ya Arsène, nisijidanganye. Hatusalimiani.

Programu zimechapwa. Kaka: Arsène. Dada: nukta nukta.

Prof amekwenda tena kwa Claudine. Shangazi alimpa kiti na maji. Claudine hakutoka chumbani.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tisa mchana. Naandika nyuma ya pazia, daftari gotini. Ukumbi umejaa mpaka madirishani! Préfet yuko mbele kabisa. Mama yake Arsène yuko kushoto, watu wa kwao wamemzunguka. Kulia, kwenye mlango, wale binamu wawili. Nimewaona. Arsène pia amewaona. Amefuta jasho kwenye suruali na kukaa mbele ya lokole.

Sehemu ya kwanza imepita. Kwaya tuliimba vizuri, nadhani. Sikumbuki. Sasa ni sehemu ya mto. Prof aliniambia jana: kama hakuna mutu, utaingia. Liputa nyekundu ya dada, kitenge cha kujifunga, inaning'inia kwenye msumari. Sijaigusa.

– Claudine yuko hapa!

Ameingia kwa mlango wa nyuma, kandambili miguuni, nguo za nyumbani. Bavon alimfungulia. Amesimama upande wa pili wa msumari. Hakunisalimu. Ameuliza tu: "Wimbo ya mwisho, Prof aliibadilisha?"

Nikasema hapana.

Akaitikia kwa kichwa. Hajasema ataimba. Hajasema amekuja kuzuia.

Arsène ameanza kuita. Mkono mmoja, wa kushoto. Dada anatakiwa kujibu. Ameita mara ya pili. Kule mlangoni binamu mmoja ameinuka.

Prof ananong'ona kutoka gizani: "Dada! Dada aingie!" Hajui anamwita nani.

Claudine anatazama liputa. Kisha ananitazama mimi. Liputa iko karibu na mkono wangu kuliko wake.

Mara ya tatu, lokole.

Sinyanyui mkono; safari hii siichukui mimi. Naandika, ili mikono yangu iwe na kazi nyingine