Marubani Wawili wa Kedowa

Jumapili, Agosti 1996

Kiprono, mjukuu wangu, wewe ni mjinga mwenye tai. Eti chama cha marubani kimeoza, mnataka kuunda kingine. Undeni! Lakini leo kanisani umempita rubani mwenzako Kibet bila salamu kwa sababu yeye amebaki kwa kile cha zamani. Mbele ya mama yake! Na mlitoka jandoni siku moja.

"Gogo, huyo ni msaliti," ukaniambia mimi nyanya yako.

Msaliti! Mkigawanyika hivi, kampuni ya ndege itawafuta kazi nyote wawili, na hakuna atakayemshika mwenzake mkono. Wazee waliowatahiri tumewazika wote, sasa nani atawapatanisha? Mimi nimechoka.

Kesho asubuhi beba kibuyu cha maziwa lala ya mursik, uende kwa Kibet. Akinywa, mmepatana; usirudi kwangu kama hajakunywa.