Baba Faustini, Nimekalia Kiti cha Mtu

Baba Faustini,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hakuna anayeumwa. Mimi niko Kigali. Ndiyo, Kigali yenyewe, ile uliyokuwa ukiitaja kila jioni ukivua buti za kazi. Nimefika, wewe hukufika, na leo nakuandikia kwa mkono huu huu uliojifunza kuandika ukubwani, kwa hiyo usianze kuzicheka herufi zangu. Nina jambo la aibu na sina wa kumwambia. Faustini nikimwambia ananuna. Padri ana watu wengi wenye makubwa kuliko langu. Umebaki wewe.

Nianze na habari. Mauaji na vita vilipoisha huku kwetu tulikokimbia zamani, mwanao alitangulia na lori lake, lile la kubebea mizigo inayoshushwa kwenye treni pale Isaka. Halafu akarudi Tabora kutuchukua, mimi na mjukuu wako Mbabazi. Mtoto alikaa dirishani njia nzima. Tulipoingia mjini akaniuliza, "Bibi, stesheni iko wapi?" Nikamwambia hakuna. "Sasa treni ya Babu ingesimama wapi?" Ona ulivyomjaza maneno! Reli itafika Kigali, reli itafika Kigali, kila siku wimbo huo huo. Haikufika, mzee. Hapa kuna milima, na watu wanaopishana bila kuangaliana usoni.

Hata ile yako haipo tena. Mtu aliyetoka Tabora ameniambia wameisimamisha treni ya mchana. Mabehewa yamesukumwa njia ya pembeni, majani yamefika madirishani, mbuzi wanalala kwenye ngazi. Nililia. Mimi, niliyekuwa nikiitukana treni ile kama mke mwenzangu!

Unakumbuka ilivyoanza? Faustini alikuwa bado wa mgongoni. Watu walizoea ile ya usiku, ya kulala na kuku wa jirani mapajani na kuamka shingo imepinda. Ikaja hii. Inaondoka Tabora alfajiri, na jua halijazama uko Mwanza, unanunua samaki. Haikusimama kila kichaka: Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, basi. Wachungaji waliacha ng'ombe wakasimama kuitazama inavyopita. Na kila kiti kilikuwa na namba, hata daraja la tatu. Hilo ndilo lililowashangaza watu, kwamba maskini naye ana kiti chake, akichelewa kukifikia anakikuta. Na wewe ndiye gadi, una filimbi, una bendera zako mbili, na koti nililolinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Nilijivuna bwana. Mke wa gadi wa treni ya mchana alikuwa hapangi foleni bombani.

Baadaye reli zikachoka. Ikawa inatambaa, ikafungiwa mabehewa ya mizigo nyuma, ikaanza kufika Mwanza taa zimeshawashwa. Bado ulikwenda kazini na koti lile lile. Nikakuambia, "Unampendezea nani, treni yenyewe imezeeka?" Ukanijibu, "Abiria hajazeeka." Mjinga wewe. Ningekuwa na wewe hapa.

Lakini leo nakumbuka zaidi siku ya kaka yangu Leo. Alipanda Tabora bila tiketi ya kiti, akakaa dirishani kama bwana mkubwa, shemeji yake si ndiye gadi? Pale Bukene akapanda mwanamke mwenye mtoto mchanga, na namba ya kiti ni yake. Ukamwinua Leo mbele ya behewa zima, akasimama mpaka Shinyanga. Aliporudi akanieleza, nikakuwakia wiki nzima. Nilikupa ugali wa jana. Nilikuambia huna heshima na ukoo wangu. Na wewe ulikuwa unatafuna tu ugali wako baridi, kisha ukasema, "Mama Faustini, mimi sikumwinua. Tiketi ndiyo iliyomwinua." Sikukuelewa. Niliona ni maneno ya mtu aliyezoea kupiga filimbi.

Sasa sikiliza aibu yangu.

Nyumba tuliyokaa iko mtaa wa Kiyovu. Ina vigae, ina varanda, ina bomba uani. Faustini aliikuta wazi, milango imeng'olewa vitasa, akaandika jina lake getini kwa mkaa. Ndivyo walivyofanya wengi waliorudi kutoka nje: unaona nyumba haina mtu, unaandika jina, na hapo wanasema imekamatwa. Imekamatwa, kama mwizi. Niliuliza mara moja tu ya nani. Faustini akasema, "Mama, wenyewe wamekufa au wamekimbia." Nikaenda kutandika kitanda. Ingekuwa ni wewe, ningekuuliza mara kumi. Lakini kitanda kilikuwa laini, na mgongo wangu unaujua.

Siku moja akaja mwanamke akasimama getini. Mwembamba, kitambaa kichwani, kovu limeshuka sikioni. Anaangalia tu ndani. Nikadhani anatafuta kazi, wako wengi. Hata jina sikumuuliza. Nikamwambia, "Unajua kufua, au unajua kusimama?" Akaniangalia. Akasema, "Najua kufua, mubyeyi." Mubyeyi, yaani mzazi. Nikampa beseni na shuka zangu.

Alifua siku ile, akaja na kesho yake, na siku zilizofuata. Na mimi unanijua. Nilisimama juu yake na mdomo wangu. "Suuza vizuri! Huko ulikotoka hamna maji?" "Anika kule nyuma ya jiko, jua liko kule, kwani huoni?" Kule nyuma hakwenda hata mara moja. Alianika mbele, kwenye kivuli, na mimi nikamwita mkaidi. Yeye alikuwa anajibu hivyo hivyo, "Ndiyo, mubyeyi." Nilimpa chakula akala amekaa kwenye ngazi. Nikajiona mtu mwema.

Ndipo yule bibi anayeuza mkaa ng'ambo ya barabara akaingia kuniletea gunia. Akamwona pale kwenye beseni. Gunia likamtoka mikononi. "Konsolata! Yesu wangu, Konsolata, uko hai? Umerudi nyumbani kwako?"

Nyumbani kwako. Na yeye ana shuka zangu mikononi, povu limefika viwikoni.

Baba Faustini, nilitamani ardhi ipasuke. Nilitafuta mdomo wangu, ule mdomo unaokusumbua mpaka kaburini, sikuuona. Nikaishia kumuuliza, "Kwa nini hukusema?" Akakamua shuka, akaitandaza vizuri kwenye kamba, ndipo akajibu. "Hukuniuliza, mubyeyi. Na mimi nilitaka kuingia tu."

Jioni nikamwambia Faustini tunahama. Akaruka. "Mama, nyumba ya babu ilichomwa tulipokimbia, mashamba yakagawanywa, nani aliturudishia? Na sisi tuna haki." Nikamwambia sawa, tiketi tunayo, baba yako alikufa ameishika. Lakini si ya kiti hiki. Akanyanyua sauti. Na mimi nikanyanyua yangu, na unajua ipi kubwa. Nikamuuliza angemweleza nini baba yake angeingia sasa hivi na koti lake. Akatoka akaenda kulala kwenye lori.

Asubuhi nilichukua kitambaa na maji nikafuta jina getini. Mchana kweupe, jirani wote wanatazama, na mimi napangusa jina la mwanangu mwenyewe kama uchafu. Mkaa haukutoka wote, umebaki ukungu mweusi. Mbabazi akanisaidia upande wa chini. Faustini alitukuta hapo. Akasema ana rafiki kule Kabuga mwenye vyumba viwili nyuma ya duka, tutahamia Jumamosi. Hakuniangalia, lakini alisema.

Nikamwambia Konsolata kwamba tunamwachia nyumba yake. Nilidhani atanishukuru, au atanitukana, ningefurahi zaidi akinitukana. Alikaa kwenye ngazi pale pale anapokula, akaniomba kitu kimoja. "Mubyeyi, mpaka Jumamosi, maji ya vyombo usimwage nyuma ya jiko. Mume wangu yuko pale, na mwanangu wa kwanza. Waliwafukia pale."

Miezi hii yote. Kila nikimaliza kuosha sufuria. Maji ya vyombo, maji ya miguu yangu, majivu. Na huko nyuma nilikuwa namtuma akaanike.

Wewe una kaburi lako Tabora, limepakwa chokaa, nimeliaga kwa mikono miwili. Nilidhani hiyo ndiyo huzuni, kukuacha pale.

Tangu siku ile maji nayabeba kwenye ndoo mpaka mtaroni, ng'ambo ya barabara. Magoti yananiuma, na yaume. Konsolata amelala chumba cha mbele, tumemtandikia.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo ahadi yangu kwako. Ndugu yake aliyebaki anatoka Butare wiki ijayo, watawatoa pale nyuma wawazike kama watu. Mimi nitakuja kutoka Kabuga. Hakuniita. Nitakaa nje ya geti mpaka aniite, na akiniita nitaingia na kushika nitakachoambiwa kushika, na asiponiita nitakaa hapo hapo nje mpaka wamalize, kisha nitarudi zangu. Sitagonga, na sitasema mimi ni nani.

Lala, mzee. Mkeo hajambo, ana aibu tu.

Mama Faustini