Kompyuta ya Aabo Imetolewa Sadaka

Jumamosi, alasiri. Garissa inawaka. Feni inazunguka lakini inanipulizia hewa ya moto tu. Nimekaa mbele ya rafu yangu ya kompyuta za zamani na sina hamu ya kuwasha hata moja.

Katikati ya rafu pana nafasi tupu.

Hapo ilikaa kompyuta ya marehemu aabo, baba yangu. Aliinunua katika ofisi moja ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley iliyokuwa ikiuza vifaa vyake vya zamani, akaileta nyumbani ameiviringisha blanketi kama mtoto mchanga. Ndiyo iliyonitia wazimu huu wa kukusanya mashine ambazo wenzangu huziita takataka.

Ndani yake kulikuwa na sauti yake. Siku alipopata maikrofoni aliisemesha kwa Kiswahili, mimi nikiwa kando yake, maana aliamini mashine ya ofisi haiwezi kujua Kisomali: "Hallo. Wewe kombyuta, unanisikia? Ifrah, mbona haijibu?" Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Sikuwahi kuinakili. Nilitaka kuisikia kutoka kwenye mashine yake, pamoja na mvumo wake na ile spika mbovu. Wanaopenda vitu vya zamani watanielewa.

Juma hili nilikuwa Nairobi. Huku nyuma hooyo, mama yangu, akagawa vitu vya aabo vilivyobaki, ili thawabu zimfikie huko aliko. Kanzu zikaenda msikitini, kompyuta ikaenda madrasa. Zangu hakuzichukua. Alizipangusa vumbi, akazifunika shuka safi. Aliondoa kilichokuwa cha aabo tu.

Nimlaumu kwa lipi?

Leo asubuhi nilikwenda madrasa na diski nyingine mkobani. Sadaka hairudishwi, hilo najua. Nilitaka kubadilisha tu ile diski iliyohifadhi sauti yake, mashine ibaki kwao.

Maalim alinipokea kwa furaha. "Karibu, abaayo, dada yetu! Njoo uone, sasa inakimbia kama ngamia aliyenusa maji. Diski ya zamani ilikuwa inakwaruza, tumeweka nyingine."

"Na ile ya zamani?"

"Tulimpa mtu wa chuma chakavu. Lori lake limeshaondoka." Akanitazama, akacheka. "Wallahi, usiniambie unakusanya hata zilizokufa!"

Nami nikacheka. Hadi sasa sijui kile kicheko nilikitoa wapi.

Wasichana wawili walikuwa wakigombania kibodi, kila mmoja anataka kuandika jina lake. Nikaketi kati yao, nikawaonyesha namna ya kufuta herufi iliyokosewa.

Niliporudi, hooyo aliniuliza kabla sijavua viatu: "Watoto wanaitumia?"

"Wanaitumia, hooyo."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho, na uso wake ukatulia. Sijauona umetulia hivyo tangu tumzike aabo.

Hajui kwamba mle ndani kulikuwa na sauti. Nilikuwa nasubiri apate nguvu kidogo, nimwite, nimkalishe, nimsikilizishe.

Sitamwambia. Nikimwambia, sadaka yake itageuka kuwa jeraha, na mimi tayari ninalo moja la kutosha nyumba nzima.

Maneno ya aabo nimeyaandika hapo juu kama alivyoyatamka. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya ile nafasi tupu, polepole, nikijaribu kumwigiza. Yote yapo.

Kicheko ndicho sijui kukiandika.