Kifuko kwenye Koo la Hewa la Trésor

Jumapili, mwanzoni mwa Oktoba. Joto. Mawingu yamekusanyika tangu adhuhuri, lakini mpaka sasa hayajaangusha kitu.

Kosa tunalolifanya karibu sote hapa Kolwezi ni kuamini kwamba maziwa yanasafisha mapafu. Mtu anatoka shimoni, au anashuka kwenye lori lililofuata malori mengine siku nzima, koo limejaa vumbi jekundu, na kitu cha kwanza anachonunua ni maziwa. Anayanywa kwa mkupuo mmoja, kisha anashusha pumzi kama mtu aliyetoka kuoga. Nimeona madereva wakifanya hivyo, na watu wa viwandani, na walimu wenzangu waliokuwa wakikaa kando ya barabara ya lami.

Maziwa ni chakula kizuri. Lakini hayafiki mapafuni, na tushukuru kwamba hayafiki.

Shingoni mna njia mbili. Ya nyuma ni laini na hupitisha chakula kwenda tumboni. Ya mbele ni ngumu kidogo, ina pete za gegedu unazoweza kuzigusa kwa kidole, nayo hupitisha hewa tu. Hiyo ndiyo koo la hewa, au trakea. Unachokunywa hupita njia ya nyuma. Vumbi lililoingia njia ya mbele halikutani na maziwa yako hata kidogo. Nilifundisha jambo hili darasani mpaka nilipostaafu, na wanafunzi wangu walijibu vizuri kwenye mtihani, kisha wakatoka nje kwenda kununua maziwa.

Ninaliandika leo kwa sababu ya Trésor.

Trésor ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nilimlea, na ananiita mama. Sasa ni kijana wa kuoa, anachimba na wenzake nje ya mji. Ni creuseur, kama tunavyowaita hawa vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono yao. Tangu alipoanza kubadilika sauti, anaamka na kikohozi. Si kikohozi cha siku nzima. Ni cha asubuhi, kizito, chenye makohozi mengi, kisha kinatulia kama hakijawahi kuwapo. Mara kwa mara kinaleta homa, sauti inakwaruza kwa wiki nzima, anameza antibiotiki, anapona, na baada ya muda kinarudi.

Alikunywa maziwa. Kwa kweli alikunywa kuliko ndama.

Maziwa yaliposhindwa, wenzake wa shimoni walitoa hukumu nyingine: kifua kikuu. Kituo cha afya kilipima makohozi yake zaidi ya mara moja na hakikuona kitu, lakini huko machimboni hukumu ikishatoka haina rufaa. Wakampa kikombe chake peke yake. Mmoja akamletea vidonge vilivyobaki vya kaka yake, ambaye kweli alikuwa na kifua kikuu. Nilivikuta mfukoni nilipokuwa nafua koti lake, kabla hajameza hata kimoja. Siku hiyo nilikasirika kuliko miaka yangu yote ya kufundisha.

Halafu habari ikafika mtaa wa Manika, kwa akina Nadine.

Nadine ni msichana ambaye Trésor anataka kumwoa. Anashona nguo karibu na soko, ana mkono mzuri na ulimi mkali. Baba yake, karani mstaafu, Mprotestanti wa nidhamu, alisikia neno kifua kikuu na akasimamisha kila kitu. Hakutukana. Alisema tu kwamba mazungumzo ya posa yatangoja mpaka ijulikane kijana anaumwa nini. Na mimi, ingawa iliniuma, niliona ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo tulitafuta jibu.

Picha ya kifua ilionyesha mapafu safi. Lakini daktari wa hapa mjini alikaa na ile picha muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaielekeza dirishani, akaniita. Chini ya shingo, upande wa kulia, palikuwa na doa dogo la duara, jeusi. Nyeusi kwenye picha ya namna hiyo ni hewa. Alisema hewa ipo mahali ambapo hapana sababu ya kuwa na hewa. Huenda ni ncha ya pafu iliyopenya juu, huenda ni kifuko kwenye njia ya chakula, huenda ni kitu kingine. Hakubahatisha. Alitutuma Lubumbashi kwenye skana, na nilimpenda kwa kule kukiri kwamba hajui.

Kule Lubumbashi daktari wa mapafu, mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alitupitisha kwenye picha kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate. Hapa koo la hewa, duara jeusi. Hapa tena. Na hapa, nyuma yake, kulia, duara jingine dogo linachungulia, kisha linatoweka vipande vichache chini. Kati yao kijia chembamba kama unywele.

"Trakea ya kijana wako imeota kifuko," alisema.

Jina lake ni divertikula ya trakea. Ukuta wa koo la hewa unatokeza nje na kufanya mfuko mdogo. Wengine huzaliwa nao, kwa sababu koo halikujengeka sawasawa wakati mtoto yuko tumboni. Wengine huupata ukubwani, baada ya miaka ya kukohoa kwa nguvu kunakosukuma ukuta mahali palipo dhaifu. Wengi walio nao hawajui na hawaumwi kitu. Huonekana kwa bahati, mtu akipigwa picha kwa jambo jingine. Lakini mdomo wa kifuko ukiwa mwembamba, makohozi huingia na kukaa. Yakikaa yanachacha. Mtu anakohoa, anapata homa, anapewa dawa, na kifuko kinabaki pale pale kikingoja kujaa tena.

Ili kuwa na hakika walimpitishia kamera nyembamba kooni. Mara ya kwanza hawakuona tundu lolote. Daktari alimwambia akohoe. Akakohoa, na tone la makohozi likachomoza ukutani, mahali palipoonekana pazima kabisa. Tundu lilikuwa pale, dogo mno, nyuma ya mkunjo.

Ndipo nilipokumbuka ninavyomwona kila siku akiinama kufunga kamba za buti na kikohozi kinamshika. Alipoinama, kifuko kilikuwa kinajimwaga. Nilikuwa nikitazama ugonjwa ukijieleza mbele yangu, nami nikimwambia anywe maji.

Nilidhani watampasua. Daktari alisema si sasa. Kukata kule kuna hatari zake: mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita karibu, na njia ya chakula iko palepale nyuma. Kwanza antibiotiki kwa maambukizi ya safari hii, maji ya kutosha, kujiepusha na vumbi na moshi, na zoezi la kila asubuhi na jioni. Analala kwa ubavu wa kushoto, kichwa chini kuliko kifua, ili kifuko kilicho kulia kiangalie juu na kujimwaga, kisha anavuta pumzi taratibu na kukohoa kwa mpango. Atarudi kuonwa. Maambukizi yakiendelea kurudi licha ya yote hayo, wataondoa kifuko, na kwa kijana mwenye afya kama yeye hilo linawezekana.

Tayari asubuhi zimebadilika. Kikohozi bado kipo, lakini ni kifupi, na sauti yake imerudi. Jana alikuwa anaimba bafuni, vibaya kama zamani.

Kulikuwa na agizo moja zaidi, na hilo ndilo lililotusumbua. Daktari alisema hatari kubwa ya kifuko hiki si kikohozi. Ni siku ambayo mtu asiyejua atapitisha mpira wa kupumulia kooni mwa Trésor, kwenye upasuaji au baada ya ajali. Ncha ya mpira inaweza kuingia kifukoni badala ya kushuka njia yake, hewa isifike mapafuni, au ukuta mwembamba ukachanika. Anayejua anapitisha kwa uangalifu. Na mtu aliyezirai hawezi kujieleza. Kwa hiyo walio karibu naye lazima wajue.

Trésor hakutaka mtu yeyote ajue.

Alinieleza kwenye basi la kurudi, tulipokuwa tumepita Likasi. Kifua kikuu angalau kinapona, alisema. Lakini wakisikia ana kitu kooni cha kuzaliwa nacho, akina Nadine watasema ni mtu mwenye kasoro, na watafunga mlango. Awaambie tu kwamba mapafu ni safi. Si uongo.

Si uongo. Ninakiri, nililiona wazo hilo kuwa zuri kwa muda wa safari nzima. Nilitaka aoe. Nilijiambia kwamba posa ikishapita, atasema taratibu. Lakini anafanya kazi mahali ambapo udongo huanguka. Nilianza kumwona amelala bila fahamu mbele ya nesi mwenye haraka, na walio karibu naye wamesimama pembeni, hawajui la kumwambia.

Nilimwambia mawazo yangu mara moja, sikurudia. Nilitaka kurudia kila siku. Nimejifunza kwamba kijana akishaelewa, kumweleza tena ni kumpa nafasi ya kukasirika.

Alhamisi alianza na wenzake wa shimoni. Sikuwapo. Alinisimulia mwenyewe jioni huku anacheka. Aliwaambia: "Mutaona vile galerie inakuwaka na kashimo ka pembeni kenye akana mutokeo? Maji inaingia mule, inalala, inaoza. Mi niko na kale kashimo mu shingo." Galerie ni njia wanayoichimba chini ya ardhi, nao wakaelewa. Hawa ni watu wanaojua maji yaliyolala yanafanya nini. Kisha mmoja akasema, basi bwana, hata mwilini mwako umechimba bila ruhusa. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kile kikombe cha peke yake hakuna aliyekitaja, lakini kimerudi kwenye ndoo pamoja na vingine. Na wamekubaliana abaki juu kuchambua mawe, wao washuke.

Leo baada ya ibada tulikwenda kwa akina Nadine.

Baba yake alitupokea sebuleni, tai bado shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nilikuwa hata na mchoro. Trésor akanigusa mkono, akaeleza yeye. Alieleza vizuri. Alisema mapafu ni safi, na kisha, ambapo angeweza kuishia, akaendelea. Akataja kifuko, akataja mpira wa kupumulia.

Mzee aliuliza kama inaambukiza. Hapana. Akauliza kama watoto wataipata. Trésor alisema walimuuliza daktari, naye hakuona sababu ya kufikiri hivyo, lakini hakuapa. Mzee alipapasa shingo yake mwenyewe, upande wa kulia, chini, kana kwamba anatafuta cha kwake. Nadine alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya glasi, hasogei.

"Na siku ukianguka huko ku kazi," mzee aliuliza, "nani atasema hii mambo kwa munganga wa hospitali?"

"Bale ba ku shimo banajua, tata. Mama anajua. Na sasa nyinyi munajua."

Mzee alilegeza tai yake. Halafu akasema, bila kutabasamu, "Bantu bote banawekaka mufuko mu suruali. Weye umeweka mu shingo."

Nadine ndiye aliyecheka kwanza. Akaweka sinia mezani, akanigeukia mimi. "Mama, munionyeshe vile analalaka, mi pia nijue."

Kwa hiyo mbele ya karani mstaafu na mkewe, Trésor alilala kwenye mkeka kwa ubavu wa kushoto, mto chini ya kiuno, kichwa chini, na nikamwonyesha Nadine mahali pa kuweka mkono. Alikosea upande mara ya kwanza. Nilimsahihisha. Ya pili alipatia.

Mlangoni mzee alimwambia Trésor awatume wajomba zake, waje Jumapili ambayo watu wa posa wamezoea kukutana, na wasichelewe. Hakusema zaidi. Kwa mtu wa aina yake, hayo yalikuwa maneno mengi.

Sijui kama siku moja watampasua. Sijui kama kifuko kitatulia. Najua kwamba leo, mji huu una watu kadhaa wanaoweza kusimama mbele ya daktari na kumwambia: pitisha mpira taratibu, ana divertikula ya trakea, nyuma, upande wa kulia.

Nawe unayesoma: kama mwilini mwako kuna kitu ambacho daktari alikitaja na wewe ukakaa nacho kimya, mwambie leo, kwa jina lake, mtu mmoja mnayelala naye nyumba moja.