Nagonga, Naona

Jumatatu, 3 Machi

Meneja mpya kaninyang'anya kijiko! Mimi, mtu mzima, mwaka wa kumi na tisa kwenye meza ya ukaguzi. Eti kelele. Eti kiwanda cha kisasa ni kiwanda kimya. Tumeshampa jina: Bwana Kimya.

Mashine ya zamani ilikuwa inagonga — ko, ko, ko — na kila ikigonga, chupa moja inapita chini ya taa. Nilikuwa naona ufa hata kabla sijajua nimeuona. Mwezi uliopita wakaing'oa. Hii mpya inanong'ona tu, na bila mlio macho yangu yanazurura. Ndiyo maana nikaanza kugonga meza mwenyewe kwa kijiko. Nimemweleza hivyo mbele ya watu. Akasema macho hayana masikio. Wakacheka, hadi Mama Miwani ninayekaa naye meza moja!

Kesho naenda na kijiko kingine. Vimejaa nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Kimya kaja na ripoti. Wiki iliyopita meza yangu imepitisha chupa saba zenye ufa, zimerudishwa na wateja wetu wa kiwanda cha dawa. Saba! Zinawekwa dawa ya kikohozi ya watoto hizo. Mimi hata mbili kwa mwezi sijawahi.

Uamuzi wake: kuanzia Jumatatu nahamia kufunga maboksi. Nikasema sihami. Akasema hilo si ombi. Nikamwambia na mimi siombi.

Nyumbani Baba Watoto naye: maboksi nayo si kazi? Chai kajimiminia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikugonga. Nimepitisha nzima ngapi, mbovu ngapi — sijui. Hilo ndilo linalonitisha. Hasira tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata binti wa kaka yangu chuoni. Anasomea ubongo. Nikamwambia, mwanangu, nipime, nijue kama nimerukwa na akili.

Kanivalisha kofia ya nyaya, kanipaka kichwani sijui mafuta gani baridi. "Shangazi, usikunje uso, unaharibu kipimo." Spika inalia tik, tik, tik. Kwenye kioo cha kompyuta vinatokea vinukta hafifu, nikikiona kimoja, nabonyeza. Vilivyotokea sambamba na mlio nimevinasa karibu vyote. Vilivyotokea katikati ya mlio na mlio — niliapa havikuwepo! Vilikuwepo.

Kanionyesha mistari ya ubongo wangu. Inapanda na kushuka ikiufuata mlio. Anasema ubongo ukizoea mdundo unaungoja. Mdundo unapofika, macho yanakuwa makali, ukipita yanalegea. Akaongeza kwamba mdundo haumsaidii kila mtu, na mimi ni mtu mmoja tu, nisiende kutangaza. Nitangaze nisitangaze, sina wazimu! Kidogo nicheze na nyaya zangu kichwani.

Halafu akauliza: "Shangazi, hizo chupa zinapita kwa kasi ileile ya zamani?"

Mkanda mpya unaobeba chupa una kasi zaidi. Na mimi mkono wangu bado unagonga mdundo wa mashine iliyong'olewa! Chupa zinapita katikati, wakati nimeyalaza macho yangu mwenyewe. Zile saba ni zangu. Imeniuma, imeniuma kweli. Lakini kukosea mdundo si kukosa kazi. Maboksi siendi.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi kutwa, kufuata kasi ya mkanda mpya. Kijiko, meza ya jikoni, Baba Watoto na saa yake. "Umechelewa." "Sasa umekimbia." Mkono ni mbishi kuliko mwenye mkono, unataka kurudi kulekule ulikozoea. Nikachoka, nikatupa kijiko. Akakiokota, akasema haya, tena. Leo nimemsamehe ile ya maboksi.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda kwenye maboksi. Nilikaa mezani pangu. Bwana Kimya alipokuja nikamwambia mbele ya wote: zile saba ni zangu, niligonga mdundo wa mashine mliyoing'oa. Sasa nipe kijiko changu na unipime.

Kakubali haraka. Anataka niumbuke. Kesho: chupa elfu moja, ndani yake ishirini mbovu, zimetiwa alama kwenye kitako nisipopaona. Nikikosa moja, au nikitoa hata moja nzima, maboksi. Sawa!

Jumanne, 11 Machi

Naandika hapahapa mezani, mkanda umesimama.

Ishirini kwa ishirini! Mama Miwani kapiga vigelegele — yeye aliyenicheka.

Ila nimetoa ya ishirini na moja. Haina alama. Bwana Kimya kaigeuza kwenye taa, kaigeuza tena. Kasema hii ni nzima, nimeshindwa. Mama Miwani kafuta miwani yake, kaangalia, kanitazama kwa huruma. Haoni kitu. Na mimi nikaishika. Nikiwa nimetulia hivi, sioni kitu! Lakini ilipopita na mlio niliuona ufa: chini ya shingo, mwembamba kama unywele.

Nikasema chemsheni maji, mmimine ndani. Nzima itavumilia, yenye ufa itapasuka. Bwana Kimya akasema hakuna haja. Basi, nikamwambia, weka saini kwamba ni nzima, iende ikawekwe dawa ya mtoto wa mtu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa.

Kamtuma mtu ofisini kwake kuleta birika.

Limefika, linafuka mvuke. Kalishika yeye mwenyewe. Kaitazama chupa, kanitazama mimi, kaitazama chupa tena — halafu kawaambia watu wote warudi nyuma.

Wamerudi. Mimi sirudi.